Kitenzi cha Koplo Lugaraza

Kaa vizuri. Kama kuna mtu nyuma yako, mkaribishe naye asikie tangu mwanzo, maana anayesikia nusu ndiye anayekwenda kusema. Nchi yenyewe siitaji jina. Ni nchi ambayo ukilitaja jina lake nayo hulitaja lako, na mimi nina watoto.

Katika nchi hiyo jeshi lilikuwa tukufu kupita kiasi. Ushindi ulikuwa mwingi na maafisa walikuwa wengi, medali zikagawiwa mpaka shaba ikaisha ghalani. Wakaanza kugawa za bati, bati nalo likaisha, wazazi wakanung'unika kwamba shule zimebaki bila paa. Ndipo Serikali, ambayo haijawahi kukosa hekima hata siku za mapumziko, ikaamua kwamba kuanzia hapo afisa shujaa hatapewa medali. Atapewa kitenzi. Jina lake litapelekwa kwa wataalamu, litanyooshwa, litatiwa "ku" mbele na kupewa maana, kisha litatangazwa redioni baada ya taarifa ya habari, na raia watatakiwa walitumie. "Kitenzi hakishiki kutu," alisema Rais siku ya kuzindua mpango huo, na wataalamu wakapiga makofi mengi kuliko wote kwa sababu ajira ilikuwa yao.

Jemadari Mkuu Ambakisye Gwandumi ndiye aliyepata kitenzi kikubwa kuliko vyote. Alipewa kugwandumisha, maana yake kushinda vita kabla havijatangazwa. Kilichapwa nyuma ya madaftari ya shule na kupakwa rangi kwenye malango ya kambi zote. Lakini watu ni watu, bwana. Wazee wasio na meno walikishindwa, na wenye meno hawakuona pa kukitumia, kwa sababu vita vya namna hiyo havitokei sokoni wala msibani. Kikakaa pale langoni kinapakwa rangi upya kila mwaka.

Kitenzi kilichopendwa kilikuwa kingine, nacho Serikali haikumtunuku mtu yeyote. Kilikuwa kulugaraza, yaani kukimbia vita na kuwaacha wenzako. Kuruta alifundishwa neno hilo hata kabla hajapewa viatu: "Askari huumwa, askari hufa, askari halugarazi." Kutoka kambini likaruka ukuta likaingia mitaani. Mume akiondoka nyumbani bila kuaga, amelugaraza. Mbuzi akikata kamba, amelugaraza. Hata maziwa yakifurika jikoni, utasikia mtu akiambiwa, "Wewe, maziwa yanalugaraza na umekaa tu." Shuleni watoto walikinyambua asubuhi na mchana: lugaraza, lugarazia, lugarazisha, lugarazana. Hakuna aliyejua kilitoka wapi, na hakuna aliyeuliza, maana nani huuliza chumvi ilikotoka wakati mboga imekolea?

Basi mwenye kitenzi akarudi nyumbani.

*

Alivuka mpaka kwa miguu, mwembamba, amevaa koti la watu. Askari wa mpakani akamwuliza jina.

"Lugaraza," akasema.

"Mzee, sijakuuliza ulichofanya huko. Nimekuuliza jina."

"Ndilo jina langu. Koplo Yusto Lugaraza, wa Daraja la Mto Kirwa. Nilikuwa mateka. Wamechoka kunilisha, wameniachia."

Yule askari akamwita mwenzake, wakacheka mpaka wakakaa chini. Walipomaliza kucheka wakaona mzee hacheki, ndipo wakamweleza, kwa upole kabisa, neno hilo lina maana gani katika nchi yake. Lugaraza alidhani ni utani wa askari. Alipofika stendi ya kwanza akamsikia kondakta akimtukana abiria aliyeshuka bila kulipa nauli, akasikia jina lake tena kwa muuza maji, na tena kwa mama aliyekuwa akimfinya mwanawe. Akaketi kwenye jiwe. 

Sasa ukweli nausema kwa sauti ya chini, usogee. Siku ile darajani, kamanda alikuwa Luteni Gwandumi, huyuhuyu. Adui alipotokea ng'ambo, luteni alimshika koplo wake bega akamwambia, "Yusto, ndugu yangu, shika daraja. Nakwenda kuleta msaada, jua halitazama sijarudi." Akapanda lori lililokuwapo, akapakia na wengine wote, likaondoka. Jua likazama, likachomoza, likazama tena. Lugaraza alibaki na rashasha moja na boksi la risasi, akalishika daraja mpaka risasi zikaisha, na adui walipofika walimbeba kwa sababu hakuweza tena kusimama.

Luteni naye alifika mji mkuu salama salimini, akaulizwa daraja liko wapi. Mtu akiulizwa swali kama hilo na wakubwa lazima ajibu kitu. Akajibu kwamba koplo mmoja aitwaye Lugaraza ametoroka usiku na kuacha daraja wazi. Wakubwa wakasikitika, wakampandisha cheo kwa machungu aliyoyapata, na kambini wakaanza kutishana: wewe, usije ukafanya ya Lugaraza. Ulimi wa askari ni mvivu, "usifanye ya Lugaraza" ikawa "usilugaraze". Hicho ndicho chanzo cha kitenzi, hakuna kingine.

Lakini Lugaraza hakuyajua hayo. Kifungoni miaka yote aliamini kwamba luteni wake alikufa njiani akileta msaada, na kila Jumapili alimwombea roho yake. Alipoona picha ya Jemadari Mkuu kwenye kila ukuta, yule yule, amenenepa tu, alifurahi kama mtu aliyefufuliwa ndugu. Akasema moyoni: huyu alikuwapo. Aliyesema uongo ni mwingine, na huyu ataunyoosha.

*

Mke alikuwa amekwishafariki. Binti alimwacha ananyonya, akamkuta mwalimu wa Kiswahili katika shule ya mjini, anaitwa Mwalimu Leokadia Komba, kwa jina la mjomba wake. Lugaraza alisimama nje ya dirisha la darasa. Ndani, sauti yenye nguvu ilikuwa inaongoza na watoto wanaitikia: "Nimelugaraza. Umelugaraza. Amelugaraza."

Kengele ilipogongwa, aliingia akamtajia jina lake. Leokadia aliketi juu ya dawati la mwanafunzi. Kisha akainuka akafunga mlango, akarudi, akamshika uso kwa mikono yote miwili iliyojaa chaki.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama aliniambia hukukimbia. Alisema hata kuku ukimchinja ulikuwa unamwomba radhi, lakini hukuwa mtu wa kukimbia. Nilimwamini mpaka nilipoanza shule."

Alikuwa anataka kusema zaidi, lakini mlango ukagongwa, na mwalimu mkuu akachungulia. "Mwalimu, una mgeni?"

"Ni mzee wa kuni," alisema Leokadia. "Anauliza kama tunahitaji kuni za uji."

"Mwambie aje mwisho wa mwezi," akasema mwalimu mkuu, akaenda zake.

 Lugaraza ndiye aliyeanza, maana aliona binti anatafuta pa kuweka macho. "Sina neno, mama. Kuni ni kazi halali."

"Baba, nisikilize. Nilikuwa na mchumba, mtu mwema. Wazee wake walipojua mimi ni nani, walisema hawataki mjukuu atakayekimbia hata tumbo la mama yake. Nikalizika jina, nikahamia huku. Nikikuita baba mbele za watu, nimelifukua kwa mikono yangu, na kazi hii ndiyo mwisho wake." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Nenda ukalisafishe. Siku litakapokuwa safi nitakuita baba katikati ya mji, kila mtu asikie. Nakuapia."

Lugaraza alikuwa hahitaji nyumba wala pensheni. Neno hilo moja, litoke kinywani mwa huyu mtoto mchana kweupe, ndilo alilolifuata. Akatoka kupitia mlango wa jikoni ili afanane na mzee wa kuni.

*

Baraza la Vitenzi vya Kijeshi lilikuwa kwenye jengo la ghorofa lenye lifti inayoshuka tu. Mwenyekiti wake, Profesa Sekibo, alimpokea vizuri. Akamsikiliza huku amefumba macho, kama wasikilizavyo wasomi.

"Mzee," akasema mwishowe, "umekuja na jambo zito. Asili ya kulugaraza imetafitiwa na Baraza hili kwa kina. Tuna nadharia tatu. Ya kwanza inasema ni neno la wahunzi wa kale, maana yake kuacha chuma motoni. Ya pili inasema ni sauti ya majani makavu mtu anapokimbia msituni. Ya tatu ni yangu, bado haijachapishwa, sitaki kuitoa mapema."

"Profesa, ni mimi. Ndilo jina langu."

"Wewe si asili, mzee. Wewe umefanana na neno tu. Kitenzi hakitoki kwa mtu wa cheo cha koplo. Kanuni zetu zinaanzia meja."

"Basi nifanyeje? Mimi sikukimbia. Niliachwa."

Profesa akafumbua macho, akamwonea huruma ya kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa Baraza. Akamweleza utaratibu. Kitenzi kinaweza kupewa maana mpya endapo shahidi aliyekuwapo atasimama mbele ya Baraza na kusimulia kilichotokea. Ila mwenye jina haruhusiwi kushuhudia juu ya jina lake, kwani ataelemea upande wake.

"Shahidi yupo," akasema Lugaraza, na uso wake ukang'aa. "Jemadari Mkuu mwenyewe alikuwa darajani."

Profesa Sekibo aliinuka, akafunga dirisha, akaketi tena. Akasema kwamba ataandika barua ya kuuliza kwa unyenyekevu kama inafaa kuuliza.

*

Barua haikuhitajika. Habari zilikwishafika Ikulu Ndogo, anakokaa Jemadari Mkuu, kabla Lugaraza hajamaliza kushuka ngazi, na kesho yake gari jeusi la Jemadari lilimfuata alikolala, mtaa huohuo wa binti yake. Leokadia, alipoambiwa na jirani, alikimbia mpaka barabarani na kanga yake, akamdaka baba yake mlangoni mwa gari.

"Usimwambie kitu," akamnong'oneza. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Huyo ni ndugu yangu. Tulikula sahani moja."

Jemadari Mkuu Gwandumi alimpokea kwa kumkumbatia. Alilia, na machozi yalikuwa halisi, yaliloanisha koti la koplo begani. Akaagiza chai ya tangawizi na maandazi, akawafukuza wasaidizi wote, akavua viatu. Wakakaa kama zamani.

"Nilirudi, Yusto," akasema. "Nilirudi na msaada, nikakuta daraja halina mtu. Nikasema wamemuua. Hayo mengine ya kukimbia waliyazua watu wa chini yangu, na neno likishatoka unalikamatia wapi?"

"Nilijua," akasema Lugaraza. "Nilijua si wewe." Mzigo uliomlalia kifuani tangu pale mpakani ukashuka, akala maandazi kwa hamu.

"Nitashuhudia. Mbele ya Baraza, mbele ya nchi nzima, na redio iwepo. Lakini nisije nikaulizwa nikababaika. Hebu nisimulie yote. Tangu lori lilipoondoka."

Lugaraza akasimulia. Alisema jinsi alivyojifunga mkono kwenye rashasha kwa kamba ya kiatu kwa sababu homa ilikuwa inamtetemesha. Jemadari akauliza, kiatu cha kulia au cha kushoto? Cha kushoto. Alisema jinsi alivyokula maganda ya muhogo mabichi. Yalikuwa na ladha gani? Yalikuwa machungu, yanakausha ulimi. Na usingizi, Yusto, usingizi uliushindaje? Hapo Lugaraza aliinamisha kichwa, maana hilo hakuwahi kumwambia mtu. Akasema kwamba alikuwa akimwimbia mwanawe. Wimbo wa kubembelezea, jina la mtoto linaingia kila mstari: Leokadia usilie, baba yuko mlangoni.

"Uimbe," akasema Jemadari kwa sauti ndogo.

Akauimba. Jemadari akaufuata midomo ikichezacheza, akaomba arudie pale kati.

"Unajua," akasema Jemadari baadaye, akimmiminia chai, "jina lako liko kinywani mwa kila mtu. Nikipita na gari sokoni nashusha kioo nisikilize. Lugaraza, lugaraza, lugaraza. Langu hata mke wangu hulikosea." Akacheka, na Lugaraza akacheka naye, akamwonea huruma rafiki yake kwa kuwa na kitenzi kisichopendwa.

*

Siku ya ushahidi Uwanja wa Mashujaa ulifurika. Shule zililetwa kwa malori, walimu mbele ya wanafunzi wao, na Mwalimu Leokadia Komba alikuwa miongoni mwao, amevaa gauni la bluu alilolishona kwa siku hiyo. Lugaraza alipewa kiti upande wa wageni wasio rasmi, nyuma ya matarumbeta. Kutoka pale alimwona binti yake, na binti akamwona. Akamtikisia kichwa kidogo, yaani: leo.

Profesa Sekibo akasoma utangulizi mrefu, akasema Baraza limepokea nadharia ya nne. Kisha Jemadari Mkuu akapanda jukwaani, akasimama, mkono mmoja kwenye kifua.

"Wananchi," akaanza, "kwa miaka mingi mmelitumia neno kulugaraza kwa maana ya woga. Hamna kosa. Mlidanganywa. Leo nawaambia kwamba Lugaraza hakukimbia. Lugaraza aliachwa peke yake katika Daraja la Mto Kirwa, na alilishika."

 Lugaraza alifumba macho. Akamshukuru Mungu kwa zile Jumapili.

"Lugaraza alikuwa na homa," Jemadari akaendelea. "Alijifunga mkono kwenye bunduki kwa kamba ya kiatu cha kushoto. Alikula maganda ya muhogo mabichi, machungu, yanayokausha ulimi. Nayajua haya, wananchi, kwa sababu ulimi uliokauka ulikuwa huu."

Lugaraza akafumbua macho.

"Ndiyo. Nimelificha kwa unyenyekevu. Lugaraza lilikuwa jina langu la vitani. Aliyekimbia na lori alikuwa luteni mmoja ambaye historia, kwa rehema zake, imemsahau. Nami usiku ule, ili nisilale, niliimba." Akaimba. Aliimba vizuri kuliko mwenyewe, maana alikuwa amefanya mazoezi na bendi. Leokadia usilie, baba yuko mlangoni. Kina mama wakaanza kulia, Rais akatoa kitambaa, Profesa Sekibo akaandika.

Lugaraza akasimama. Akasema, "Huyo ndiye luteni," lakini matarumbeta yaliyokuwa mbele yake yakapigwa, na sijui kama yalipigwa kwa bahati. Kijana wa usalama aliyekuwa pembeni akamkalisha kwa adabu, akamwambia, "Mzee, leo jina hilo limekuwa la taifa. Ukijiita hivyo tena ni miaka saba. Mimi nakupenda ndiyo maana nakwambia." Huyo kijana alikuwa amemwamkia mzee wa watu vizuri asubuhi ile, tusimlaumu.

Nchi hiyo ikikupa wimbo wenye jina la mtoto, inataka na mtoto aonekane. Jemadari akaita kwenye kipaza sauti kwamba binti yake, aliyelelewa kwa siri kwa usalama wake, yumo humu uwanjani, ni mwalimu, na asiogope. Askari wawili walikuwa wamekwishasimama kushoto na kulia kwa Leokadia. Mwalimu mkuu wake alikuwa anamsukuma mgongoni huku anatabasamu, anamwambia kumbe, kumbe mwenzetu.

Leokadia aligeuka akatazama nyuma ya matarumbeta. Baba yake alikuwa ameketi, mkono wa kijana uko begani mwake, nao haukuwa mwepesi. Leokadia aliutazama ule mkono. Kisha akatembea, akapanda ngazi moja moja, gauni lake la bluu likanasa kwenye msumari akalichomoa.

Jemadari Mkuu Lugaraza, maana kuanzia hapo ndiye aliitwa hivyo, alimfungulia mikono. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni, akamwambia kwa upole, "Sema, mwanangu. Umeningoja miaka mingi. Waambie nani aliyeshika daraja."

 Mji mzima ulikuwa unasikiliza, na ilikuwa saa sita mchana.

"Baba," akasema.

Neno lilitoka safi kabisa kwenye vipaza sauti vyote vinne, likafika mpaka viti vya nyuma. Watu wakasimama wakishangilia. Yule mzee asiye na jina naye alisimama akapiga makofi pamoja na wenzake, kwa sababu kijana aliyekuwa pembeni yake alikuwa anaangalia ni nani hapigi.